Kinda Alisema Nini

Historia ina upendeleo wa waziwazi. Inawakumbuka kwa majina waliopanda farasi, na farasi mwenyewe akiwa na bahati anatajwa pia, lakini aliyekuwa akimletea majani anasahauliwa kabla hajatua kapu. Ndiyo maana watu wengi, hata waliosoma mpaka miwani ikawaelemea pua, hawajui kwamba zamani sinema ilikuwa bubu, na kwamba kulikuwa na watu walioajiriwa kuisemea.

Ni kweli tupu. Picha zilitembea bila kutoa sauti. Watu kwenye pazia walifungua midomo, wakagombana, wakachumbiana, wakalaaniana, na ukumbi mzima haukusikia kitu ila mashine ikikereza huko juu kama cherehani yenye njaa. Maneno machache yaliyoandikwa katikati ya picha yalikuwa ya lugha ya huko mikanda ilikotoka. Basi kando ya pazia alisimama mtu mmoja amevaa koti, ameshika fimbo, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wanachokiona.

Katika mji huu mtu huyo aliitwa Bwana Maelezo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, lakini halikuwa na kazi.

Bwana Maelezo hakuijua lugha ya mikanda hata kidogo. Hilo halikumnyima usingizi. Aliangalia midomo ikichezacheza akaweka maneno yake mwenyewe, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa na mikanda michache iliyorudiwa mpaka ikachoka, aliibadilisha hadithi kila wiki ili watu wasimkimbie. Mwanamke aliyekuwa mke wa tajiri wiki iliyopita alikuwa dada yake wiki hii. Siku moja fundi viatu alisimama kwenye viti vya mbele akadai maelezo: mbona Jumamosi uliapa kwamba hawa ni ndugu, na leo wanaoana? Bwana Maelezo alimtazama kwa huruma, akamjibu kwamba Jumamosi wenyewe walikuwa bado hawajaambiwa na wazazi kwamba mmoja wao aliokotwa. Ukumbi ulivunjika mbavu. Fundi viatu alikaa chini akiwa ameridhika, na kesho yake akalipa kiingilio tena.

Aliweza sauti zote. Mzee mwenye pumu, mtoto mwenye mafua, jaji, mlevi, jaji mlevi. Kitu kimoja tu hakuwahi kukiweza, nacho ni kuitazama picha. Kwa kuwa alisimama kando ya pazia, karibu nalo kiasi cha kuligusa, aliona watu wembamba warefu kama vivuli vya jioni, nyuso zimevutwa kama unga uliokandwa. Alijua nani ni nani kwa kofia na kwa mwendo. Alikuwa mtu pekee katika mji mzima aliyehudhuria kila onyesho na ambaye hakuwahi kuona hata moja sawasawa.

Huko juu, kwenye kichumba cha mashine, alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake. Mashine ilizungushwa kwa mkono. Shemeji alishika mpini na kuzungusha mkanda mbele ya taa, shati limemganda mgongoni kwa joto, na kasi ya mkono wake ndiyo iliyokuwa kasi ya dunia. Akiharakisha, mazishi yalikwenda mbio. Akipunguza, mbio za farasi ziligeuka mazishi. Kati ya wawili hao kulikuwa na mapatano: Bwana Maelezo akigonga jukwaa kwa fimbo mara moja, maana yake endesha, hawa wanalala. Akigonga mara mbili, maana yake taratibu, nina hotuba ndefu hapa. Shemeji alikuwa ameitii fimbo ile miaka mingi kiasi kwamba mkono wake uliisikia kabla ya masikio.

Na mke wa Bwana Maelezo alikuwa mshonaji. Pazia lenyewe alilishona yeye kwa mashuka, na lilipochanika alikuja na sindano kuliziba. Kiraka chake kimoja kilikuwa pembeni kushoto, na kila muungwana aliyepita pale alipata kovu shavuni kwa muda mfupi, kisha akapona. Watu walimwita Mama Kinda.

Kinda alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikulia chini ya viti vya ukumbi ule, na alipopata meno alianza kumjibu baba yake kutoka gizani. Baba akisema jambazi huyu ana roho ya chuma, sauti nyembamba ingetoka chini ya viti kuuliza mbona basi anamkimbia mbwa. Alipokuwa kijana aliacha sinema akapenda wanyama, hasa nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi ambaye hakumrithi yeyote akili. Kinda alikuwa na nyumbu mmoja wa kuvuta mkokoteni wa maji, na aliongea naye kutwa nzima, mabishano ya kweli, kana kwamba ni mwenzake wa darasa.

Ikaja vita kubwa. Jeshi lilipita likitafuta watu wanaoelewana na wanyama, na Kinda akaondoka pamoja na nyumbu wake, wote wawili wakionekana kujisikia. Hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake mmoja, ambaye alikaa kwenye kigoda cha Mama Kinda, akanywa maji, akasema kwamba mto ulikuwa umefura na daraja lilikuwa la kamba. Alisema Kinda hakuiachia kamba ya nyumbu. Alisema hayo tu, akaomba maji mengine.

Hakukuwa na kaburi la kwenda. Na hili ndilo ambalo historia ingecheka kama ingekuwa na ucheshi: nyumba ambayo kazi yake ilikuwa picha haikuwa na picha hata moja ya mtoto wao. Kila mwaka walisema watampeleka kwa mpiga picha, na kila mwaka Kinda alikuwa na nyumbu wa kuogesha.

Ulipita msimu, ukapita mwingine. Ndipo siku moja lilipoletwa sanduku la mikanda lenye kichekesho cha mtu mnene na ngazi, na pamoja nacho kipande kifupi cha picha za vita. Vipande kama hivyo vilizunguka mji kwa mji. Kila mji ulipewa wiki moja, kisha sanduku likapandishwa garimoshi kwenda mbele.

Onyesho la kwanza lilikuwa la alasiri. Mama Kinda alikuwa amekuja kushona ukingo wa pazia, na kwa kuwa jua lilikuwa kali akaamua kukaa viti vya katikati mpaka lipoe. Bwana Maelezo alianza kwa sauti yake ya vita, ile inayotoka tumboni. Aliwaonyesha watu mizinga, akawaonyesha jenerali akikagua kitu ambacho pengine kilikuwa jiko. Kisha ikaja njia ya vumbi, na msururu wa wanyama wamebeba masanduku. Mmoja wa wachungaji, aliyeonekana kwake kama uzi mrefu wenye kofia, alisimama kwa sababu nyumbu wake aligoma. Aligeuza uso, akacheka, akasema kitu.

Ukumbi ulikuwa umeanza kupooza, na Bwana Maelezo hakupenda ukumbi uliopooza. Kwa hiyo alisema kwamba wakubwa wa jeshi wametutaka tuwaombee majemadari wawili hawa, na kwamba mwenye akili zaidi kati yao ndiye aliyebeba masanduku.

Watu walicheka sana. Wengine walipiga viti. Katikati ya kicheko Mama Kinda alisimama, kivuli chake kikafunika nusu ya pazia, na waliokuwa nyuma wakaanza kumwambia akae.

"Huyo ni Kinda," alisema.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba. Lakini picha ilikuwa imeshapita, na kwenye pazia jenerali alikuwa akipanda gari.

Bwana Maelezo aliendelea kusema. Mdomo wake ulikuwa na mazoea ya kufanya kazi bila yeye, na ulimaliza kipande kile chote, ukasema hata habari za jenerali na gari lake, huku mwenyewe amekufa ganzi kuanzia shingoni kwenda chini. Alikuwa amepitiwa na mwanawe mbele ya macho, umbali wa mkono, na hakumjua. Si hivyo tu. Alikuwa amemfanya kichekesho cha watu.

Nyumbani mke wake hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Alimuuliza tu, tena na tena, kama aliona mdomo wa Kinda. Mtoto alikuwa anasema kitu, alisema mama. Alituangalia akasema kitu. Kinda alijua kazi ya baba yake. Alijua picha huja huku. Mtu anayejua kwamba mama yake atakaa kwenye viti vile atasema nini, kama si kumsemesha mama yake?

Kesho yake Mama Kinda alilipa kiingilio, akakataa kupita bure, akakaa viti vya mbele katikati. Mji mzima ulikuwa umeshasikia. Fundi viatu alivua kofia. Njia ya vumbi ilipotokea Bwana Maelezo aliona uzi mrefu ukija, akajikaza. Uzi ulipogeuka na kucheka, akasema kwa sauti laini, sauti aliyoihifadhi kwa wana wema wa wafalme, kwamba kijana huyu anasema: wasalimieni nyumbani, mwambieni mama asilie.

Ukumbi ulilia kwa pamoja, ukapangusa pua kwa pamoja. Lilikuwa onyesho zuri kuliko yote aliyowahi kufanya, na alilijua hilo, na alijichukia kwa kulijua.

Mama Kinda ndiye pekee ambaye hakulia. Walipofika nyumbani alifunga mlango kwanza.

"Usimwekee maneno mdomoni," alimwambia. "Hao wengine waseme unavyotaka, ni watu wako. Huyu ana maneno yake. Kama hakunitaja, hakunitaja. Lakini mwache aseme mwenyewe."

Kuanzia siku hiyo, njia ya vumbi ilipotokea, Bwana Maelezo alinyamaza. Ulikuwa ukimya wa kwanza kusikika katika ukumbi ule tangu ufunguliwe. Kilichobaki ni mji kukisia. Kinyozi alishikilia kwamba Kinda aliomba sigara. Muuza mkate alisema hapana, midomo ile ni ya mtu anayeuliza saa. Mama Kinda aliwasikiliza wote kwa adabu, akarudi kesho yake kwenye kiti kilekile. Tatizo lilikuwa moja tu: Kinda alisema upesi. Mdomo ulifunguka, ukafunga, nyumbu akasogea, basi.

Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache, lakini Kinda alikuwa mpwa wake kabisa, aliyemfundisha kupiga mluzi. Alimpandisha dada yake kwenye kichumba cha mashine mchana, akafungua mkanda, akaushika dhidi ya dirisha. Picha zilikuwa pale, moja chini ya nyingine, nyingi mno. Lakini katika kila picha njia nzima ya vumbi ilienea kwenye ukucha wa kidole gumba, na uso wa Kinda ulikuwa punje ya mchele. Mdomo haukuwepo. Alijaribu kwa kioo cha kukuzia, akaona madoa. Kinda angeweza kuonekana akisema mahali pamoja tu, kule chini, mkubwa kama nyumba, juu ya shuka alizozishona mama yake.

Shemeji alitoa mkasi. Alimwambia dada yake kwa aibu kwamba angeweza kukata picha moja tu, wenye mkanda wasingejua, na angemfanyia fremu. Mama Kinda aliusukuma mkasi kando.

"Ukimkata atasimama," alisema. "Mimi nimepata anayetembea."

Basi shemeji alifanya alichoweza kwa mkono. Hakuambiwa na mtu. Kila onyesho, njia ya vumbi ilipofika, alilegeza mpini kidogo zaidi ya jana. Kinda akaanza kutembea kama mtu aliyeshiba, kisha kama mtu anayefikiri, kisha kama mtu ndani ya maji. Kicheko chake kilichelewa kuisha. Watu waligundua, na hakuna aliyelalamika, hata wale ambao siku nyingine walidai fedha zao zirudishwe kwa sababu mbu mmoja alipita mbele ya taa.

Lakini midomo bado haikusomeka, na siku ya mwisho ikafika. Sanduku lilikuwa liondoke kesho yake kwa garimoshi la asubuhi. Mji uliokuwa ukifuata ungelipata, kisha mwingine, mpaka mkanda ukatike wote kwa uchovu mahali ambako hakuna anayemjua Kinda.

Kabla ya onyesho Bwana Maelezo alipanda juu. Alikuta shemeji yake akipaka mafuta mashine. Alimwambia kwamba leo anataka taratibu ya kweli, si ile ya kuibia. Shemeji aliendelea kupaka mafuta. Alieleza, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza, kwamba mkanda huu ni mkavu kuliko majani ya kiangazi, na taa ile ingeweza kuchemsha sufuria. Kinachouokoa ni kupita upesi. Kila picha inapigwa na moto kwa kufumba jicho, inaondoka kabla haijajua. Ukiuchelewesha unakichezea shere kifo. Ukiusimamisha, umekwisha.

Walipatana basi kwamba fimbo igonge mara mbili pale Kinda anapogeuka, mara mbili tu, na shemeji angelegeza mpaka pale mkono wake utakapomwambia basi. Hakuna zaidi. Walishikana mikono juu ya jambo hilo, kitu ambacho hawakuwahi kufanya tangu siku ya harusi.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mtu mnene alianguka kutoka kwenye ngazi yake na hakuna aliyemcheka sana. Vikaja vita. Ikaja mizinga, akaja jenerali. Bwana Maelezo aliyasema yote kwa ufupi, kama mhudumu anayeondoa sahani. Kisha ikatokea njia ya vumbi akanyamaza.

Safari hii alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika kazi yake. Aliondoka kando ya pazia. Alitembea mpaka ukingo wa jukwaa, akashuka, akasimama kwenye sakafu mbele ya viti, bega lake karibu na bega la mke wake, akageuka kutazama.

Akamwona. Kwa mara ya kwanza uzi ulikuwa mtu. Kinda alikuja mzima, mwenye mabega, mwenye masikio yake yale ya kudokoa maneno, na vumbi kwenye nyusi. Alikuwa amekonda. Alikuwa ameota ndevu chache ambazo hakuna aliyewaambia habari zake. Nyumbu aligoma. Kinda akasimama, akaanza kugeuka.

Bwana Maelezo aligonga sakafu kwa fimbo mara mbili.

Kinda akaingia ndani ya maji. Uso ukageuka polepole kama mlango wa ghala. Kicheko kikaanza pembeni mwa mdomo. Mama Kinda alikuwa amesimama, mikono kifuani, midomo yake mwenyewe ikianza kufunguka ili imfuate. Na Bwana Maelezo, aliyekuwa amemwona mwanawe kwa mara ya kwanza tangu aondoke, alimwona akiwa njiani kumalizika. Kicheko kikiisha atasema, akisema atavuta kamba, akivuta kamba atatoka kwenye shuka na hatarudi tena.

Akagonga mara mbili tena.

Hakufikiri. Fimbo iligonga kama moyo unavyogonga. Huko juu, shemeji hakuwa anatazama taa. Alikuwa amebandika jicho kwenye tundu la ukuta akimtazama mtoto wa dada yake, na mkono wake, uliokuwa umeitii fimbo ile miaka yote, ukatii. Fimbo ikagonga mara mbili nyingine. Mkono ukatii.

Mdomo wa Kinda ukafunguka. Ulikuwa mkubwa kama dirisha, na kila mtu ukumbini aliyaona meno yake.

Doa la rangi ya chai lilitokea shavuni, pale karibu na kiraka, na kwa muda mfupi watu walidhani ni kile kiraka chenyewe. Kisha doa likafunguka. Kingo zake zilichemka, zikakimbilia jicho, zikakimbilia mdomo, na uso wote wa Kinda ukatoka malengelenge mbele ya mama yake, ukawa wa kahawia, ukawa mweusi, ukawa mweupe. Shuka tupu zikabaki zikiwaka mwanga.

Juu kulisikika kishindo na harufu ikashuka. Watu walitoka nje bila kukanyagana, ndiyo bahati iliyokuwepo. Shemeji alikata mkanda pande zote mbili akaupiga moto kwa blanketi lililoloweshwa, akaunguza kiganja cha mkono wa kuzungushia. Mwenye ukumbi alifika akipiga makelele, akamwona Mama Kinda amekaa kwenye kiti chake akitazama pazia, akaacha makelele yake hapohapo, akaenda kuyapiga nje.

Asubuhi, kabla ya garimoshi, ilibidi mkanda ujaribiwe. Shemeji alikuwa ameunganisha ncha mbili kwa gundi, akizungusha kwa mkono wa kushoto. Ndani ya ukumbi walikuwa watatu tu. Milango ilikuwa wazi na picha ilikuwa hafifu kwa sababu ya mwanga wa jua. Njia ya vumbi ikatokea. Kinda akaja na nyumbu wake, nyumbu akagoma, Kinda akasimama, na papo hapo njia ikawa na nyumbu peke yake akitoka upande wa pili, kamba imetangulia mbele yake kama anavutwa na upepo. Ilipita upesi. Mtu asiyejua angedhani amepepesa jicho. Katika mji uliokuwa ukifuata hakuna ambaye angejua kwamba pana mtu aliyekosekana.

Shemeji alifunga sanduku akaondoka nalo bila kuaga. Bwana Maelezo alikaa kiti cha pili, akaacha kimoja kati yake na mke wake. Alikuwa ameamka na maneno ya kuomba msamaha, ameyapanga yote. Alisema tu kwamba ni yeye aliyegonga.

"Nilisikia," alisema Mama Kinda.

Walikaa. Nje mtu alikuwa akifagia. Mama Kinda aliuliza kama alimwona Kinda, safari hii. Bwana Maelezo alisema ndiyo. Aliuliza kama aliziona ndevu. Alisema aliziona. Mama Kinda alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea chenji iliyo sahihi, kisha akageuka akamtazama mumewe usoni.

"Mimi sikuona alichosema. Wewe ndiye Bwana Maelezo. Eleza."

Alijua alichokuwa akiombwa. Neno lilikuwa moja, fupi, mama, na lilikuwa limekaa mdomoni mwake tayari, lenye sauti tayari. Angelisema, na mke wake angeondoka nalo, angelala nalo. Alifungua mdomo kulitoa. Lakini mbele yake alikuwa na ule uso wa Kinda ulivyokuwa ukigeuka, macho yake, mahali yalipokuwa yanaelekea. Yalikuwa yameipita kamera. Yalikuwa yanaelekea kando kidogo, chini, kwenye masikio marefu mawili.

"Alikuwa anamwambia nyumbu," alisema. Hakuweka sauti ya mtu yeyote. "Alimwambia, twende bwana, watu wanatutazama."

Mama Kinda alicheka. Kilikuwa kicheko kimoja kilichomtoka kabla hajakizuia, kikakwama katikati, na kilichofuata hakikuwa kicheko. Bwana Maelezo alihamia kwenye kiti cha katikati. Alimshika mkono wenye makovu ya sindano, akangoja mpaka pumzi zake ziweze kubeba maneno.

"Ndivyo angesema," alisema Mama Kinda.

"Ndivyo."

"Kwa hiyo hakunitaja."

Bwana Maelezo aliinua macho. Aliangalia shuka nyeupe.

"Alikuwa kazini," alisema.

Mama Kinda alilifikiria hilo. Alijifuta uso kwa kiganja, upande huu na upande ule.

"Ee," alisema. "Alikuwa kazini." Kisha, bila kumtazama: "Sema tena alivyomwambia."

Akasema tena.